Tathmini ya Kelele na Mitetemo: Kipimo Kinachopaswa Kutangulia Tofali la Kwanza

Mwananchi anayetafuta kiwanja mjini hukagua hati, huuliza kama eneo limepimwa, huangalia njia ya kufika, maji na nguzo ya umeme. Aliye makini zaidi hurudi wakati wa masika kuona kama maji yanatuama. Ni wachache wanaorudi saa 5 usiku, wakasimama mahali ambapo chumba cha watoto kitajengwa, wakasikiliza. Wengi husikia baada ya kuhamia: jenereta ya jirani, spika za ukumbi wa mtaa wa pili, mashine ya kuranda mbao inayoanza kabla ya jua kuchomoza, malori yanayotikisa vioo vya madirisha yakipita barabara kuu. Wakati huo nyumba imekwisha kujengwa, mkopo unalipwa, na kilichobaki ni malalamiko.

Sheria za nchi zinataka jambo hilo lijulikane mapema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 (Sura ya 191) inaelekeza, katika kifungu cha 81, kwamba miradi inayoweza kuathiri mazingira ifanyiwe tathmini kabla ya kuanza. Chini ya sheria hiyo zilitungwa Kanuni za Viwango vya Udhibiti wa Kelele na Mitetemo za mwaka 2015, ambazo zinaweka kiwango cha juu cha sauti kwa kila aina ya eneo. Kwa upande mwingine, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inazipa halmashauri za majiji, manispaa na miji mamlaka ya upangaji: kuamua wapi pawe makazi, wapi pawe biashara, wapi pawe viwanda, na kutoa au kukataa ruhusa ya kubadili matumizi ya ardhi. Kelele huwa tatizo pale nyaraka za sheria hizi mbili zinapopita mezani kwa maofisa tofauti bila kukutana. Mchoro wa mipango miji unaweza kuonesha rangi ya makazi ikigusana na rangi ya viwanda vidogo, na hakuna mahali kwenye mchoro huo palipoandikwa ni desibeli ngapi zitavuka mstari unaozitenganisha.

Kwa mujibu wa Kanuni za mwaka 2015, mchana huhesabiwa kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, na usiku ni saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Maeneo yanayohitaji utulivu mkubwa, kama hospitali, nyumba za wazee, vyuo vya elimu ya juu na maktaba za umma, yamewekewa desibeli 45 mchana na 35 usiku. Eneo la makazi ni 50 mchana na 35 usiku. Makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani ni 55 na 45. Makazi yenye viwanda vidogo na biashara ni 60 na 50. Eneo la viwanda ni 70 na 60. Vipimo hivi ni vya desibeli zenye uzito wa A, yaani vipimo vilivyorekebishwa ili vifuate namna sikio la binadamu linavyosikia.

Desibeli haihesabiwi kama kilo au mita. Mashine mbili, kila moja ikitoa desibeli 60 mahali fulani, zikiwashwa pamoja hazitoi 120 bali 63. Kuongezeka kwa desibeli 3 kunamaanisha nishati ya sauti imeongezeka maradufu, ingawa sikio hulitambua ongezeko hilo kwa shida. Ongezeko la desibeli 10 ndilo watu wengi huliona kuwa sauti imekuwa kubwa mara mbili. Kwa hiyo mtu anayedai kuwa amezidisha kiwango "kwa desibeli kumi tu" anazungumzia nishati mara kumi ya ile iliyoruhusiwa.

Hesabu hiyo ndiyo inayowaponza wapangaji wa maeneo yenye karakana nyingi. Chukua mtaa wa makazi yaliyochanganyika na viwanda vidogo, ambako kiwango cha mchana ni desibeli 60. Fundi seremala wa kwanza anaomba kibali. Tathmini inaonesha kuwa nyumba ya jirani itapokea desibeli 55, na anaruhusiwa. Anakuja wa kuchomelea vyuma, naye ni 55. Anakuja mwenye mashine ya kusaga nafaka, kisha gereji, kila mmoja kwa 55 yake. Wote wanne, kila mmoja peke yake, wako chini ya kiwango kwa desibeli 5. Wakifanya kazi pamoja, nyumba ile inapokea 61. Hakuna aliyevunja masharti ya kibali chake, na bado kiwango cha mtaa kimevunjwa. Hili haliwezi kutatuliwa kwa kumpima fundi mmoja mmoja baada ya malalamiko. Linatatuliwa katika mpango kina wa eneo, kwa kuamua tangu mwanzo kiasi cha sauti ambacho mtaa mzima unaweza kubeba na kukigawa.

Umbali pekee hausaidii kiasi ambacho watu hudhani. Sauti inayotoka sehemu moja, kama jenereta, hupungua takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, endapo hakuna kizuizi wala ukuta unaoirudisha. Jenereta inayopimwa desibeli 70 kwa umbali wa mita 7 itakuwa 64 kwa mita 14, 58 kwa mita 28 na 52 kwa mita 56. Ili ifike 35, ambacho ni kiwango cha makazi usiku, ingehitaji kuwekwa karibu mita 400 kutoka dirishani. Hakuna kiwanja cha kawaida mjini chenye nafasi hiyo. Ndiyo maana jibu la jenereta ni kibanda maalumu chenye kuta nzito, njia za hewa zilizokunjwa na kutandikwa vifyonza sauti, na bomba la moshi lenye kizuia mlio, vyote vikioneshwa kwenye michoro ya kuombea kibali cha ujenzi badala ya kuongezwa baada ya mgogoro.

Barabara ni ngumu zaidi, kwa sababu chanzo chake ni mstari mrefu. Hapo sauti hupungua desibeli 3 tu kila umbali unapoongezeka maradufu. Ukihama kutoka mita 10 hadi mita 40 kutoka kwenye mkondo wa magari, unapata nafuu ya desibeli 6. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kufikia upana wa mita 60, yaani mita 30 kila upande, na wananchi wengi huamini kwamba anayejenga nje ya hifadhi hiyo yuko salama kwa kila jambo. Hifadhi iliwekwa kwa ajili ya upanuzi, huduma na usalama. Haikukokotolewa kama kinga ya kelele, na nyumba iliyo mita 35 kutoka Barabara ya Nelson Mandela jijini Dar es Salaam, inakopita mizigo ya bandarini usiku na mchana, iko kisheria nje ya hifadhi lakini iko ndani kabisa ya kelele. Ndivyo ilivyo pia kwa reli. Treni ya SGR, iliyoanza kutoa huduma kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, inatumia umeme, na hivyo mngurumo wa injini ya dizeli haupo. Mlio wa magurudumu juu ya reli, honi, na upepo unaosukumwa na mabehewa vimebaki. Viwanja vinavyouzwa leo kandokando ya njia hiyo vitapata majirani na watoto kesho, na huu ndio wakati wa halmashauri zinazopitiwa na reli kuamua matumizi yake.

Mpangaji hulazimika kuangalia mpangilio wa majengo zaidi ya upana wa nafasi. Mstari wa maduka, maghala na maegesho ukiwekwa upande wa barabara, ukiwa umeungana bila mianya, huwa ngao kwa nyumba za nyuma yake. Vyumba vya kulala vikielekezwa upande wa ndani, na jiko, ngazi na bafu vikawekwa upande wa barabara, jengo lenyewe humkinga mkazi wake. Ukuta wa uzio husaidia pale tu unapokata mstari wa moja kwa moja kati ya chanzo na sikio. Ukifanya hivyo, nafuu huanzia kama desibeli 5. Mkazi wa ghorofa ya tatu haupati msaada wowote kutoka kwenye ukuta wa mita mbili. Miti nayo inapendeza na inaleta kivuli, lakini mstari mmoja wa miarobaini haupunguzi sauti kwa kiasi kinachopimika.

Dirisha lililo wazi

Nchi za baridi zimejenga kanuni zao za nyumba juu ya dirisha lililofungwa. Msanifu huambiwa aweke vioo viwili vizito, na sauti ya nje inakatwa. Katika Pwani ya Tanzania joto haliruhusu hivyo. Chumba kinapozwa kwa upepo, dirisha hubaki wazi likiwa na wavu wa mbu tu, na dirisha lililo wazi hupunguza sauti ya nje kwa desibeli 10 hadi 15. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 1999, lilipendekeza desibeli 30 ndani ya chumba cha kulala na 35 ndani ya darasa. Ukiongeza 15 za dirisha, nje ya chumba cha kulala hapapaswi kuzidi 45. Hesabu hii fupi inaeleza kwa nini kinga ya sauti kwa nyumba za nchi yetu haina budi kuanzia kwenye ramani ya mtaa. Kioo kizito chenye kiyoyozi ni suluhisho la mwenye uwezo wa kulipa umeme. Mpangaji wa chumba kimoja hawezi kuambiwa afunge dirisha lake ili ukumbi uendelee kupiga muziki.

Hata ukuta mzuri huharibiwa na tundu dogo. Uwazi wa asilimia moja tu ya eneo la ukuta hufanya ukuta wote, hata kama ni wa zege nene, usiweze kuzuia zaidi ya desibeli 20 hivi. Matofali ya matundu yanayowekwa juu ya dirisha kwa ajili ya hewa, nafasi kati ya ukuta na bati, na mlango usiogusa kizingiti ni milango ya sauti. Mwenye ukumbi anayeongeza unene wa kuta huku akiacha paa la bati bila dari nzito ametumia fedha nyingi bila kupata utulivu. Na sauti nzito ya besi ni tatizo la peke yake: vipimo vyenye uzito wa A huipunguza sana, hivyo mita inaweza kuonesha kiwango kinachoruhusiwa huku jirani akihisi mdundo kifuani. Mtaalamu makini hupima pia kwa uzito wa C na kueleza tofauti ya vipimo hivyo viwili kwenye taarifa yake.

Katika majengo ya ghorofa kuna sauti ya namna nyingine, ile inayosafiri ndani ya zege lenyewe. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 ilifungua njia ya familia nyingi kumiliki makazi ndani ya jengo moja, na pamoja na njia hiyo kukaja kinu na mchi juu ya dari ya jirani. Kutwanga juu ya sakafu ya zege tupu hupeleka mshindo ghorofa mbili chini, na ukuta mzito hausaidii kwa sababu mshindo haupiti hewani. Dawa yake ni tabaka laini kati ya zege na sakafu ya juu, linalowekwa wakati wa ujenzi kwa gharama ndogo na ambalo ni kazi kubwa kuliongeza baadaye. Umoja wa wamiliki unaweza kutunga taratibu za saa za kutwanga; hauwezi kutunga taratibu za kurekebisha zege.

Kupima si kusoma namba kwenye simu

Tathmini inayoaminika huanza na hali iliyopo kabla ya mradi. Kifaa kinachotumika ni mita ya sauti inayokidhi viwango vya kimataifa, inayohakikiwa kwa kihakiki maalumu kabla na baada ya kupima. Huwekwa kwenye kimo cha mita 1.2 hadi 1.5, mbali na kuta zinazorudisha sauti, na upimaji husitishwa upepo unapokuwa mkali au mvua inaponyesha. Programu za simu zinafaa kumpa mwananchi picha ya jumla, lakini hazitoshi kuwa ushahidi.

Udhaifu mkubwa zaidi, hata hivyo, uko kwenye saa na siku kuliko kwenye kifaa. Taarifa ya tathmini ya athari kwa mazingira inayotaja vipimo vya dakika 10 vilivyochukuliwa saa 6 mchana, siku ya Jumanne, haiwezi kueleza hali ya Jumamosi saa 7 usiku. Pale mradi utakapofanya kazi usiku, vipimo vya usiku lazima viwepo; pale eneo lina mnada au ibada ya mwisho wa juma, siku hizo lazima ziwemo. Wataalamu waliosajiliwa wanajua hivyo. Afisa anayepitia taarifa anapaswa kuirudisha isipokuwa na vipimo hivyo, na mwananchi anayealikwa kwenye kikao cha maoni ana haki ya kuuliza swali moja jepesi: mlipima lini, na saa ngapi?

Wastani nao una hila zake. Kiwango hupimwa kwa wastani wa nishati ya sauti katika kipindi fulani, na wastani huficha tukio fupi. Pikipiki moja inayopita chini ya dirisha kwa desibeli 75, kwa sekunde 5, mara moja tu katika usiku wote wa saa 8, huacha wastani wa takriban desibeli 37 endapo hakuna sauti nyingine. Namba hiyo inakaribia kiwango cha makazi. Mtoto mchanga ameamka, mgonjwa wa shinikizo la damu ameamka, na karatasi inaonesha usiku wa amani. Kwa sababu hiyo taarifa nzuri hutoa, pamoja na wastani, kilele cha sauti na idadi ya matukio kwa usiku mmoja.

Kuna pia ukweli usiopendeza ambao tathmini ya haki haina budi kuusema. Desibeli 35 usiku ni kiwango kikali, na mitaa mingi ya miji mikubwa huipita hata kabla ya mradi mpya kufika. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018, iliyotayarishwa kwa ajili ya Kanda ya Ulaya, ilipendekeza desibeli 45 usiku kwa kelele za magari barabarani. Kiwango kinapokuwa kimevukwa tayari, mwendelezaji hujitetea kwamba mradi wake hauongezi kitu. Utetezi huo ukikubaliwa kila mara, mtaa wenye kelele utaendelea kuongezewa kelele, na wanaokaa humo kwa kawaida ndio wasio na uwezo wa kuhama. Tathmini inapaswa kuonesha namba mbili kwa pamoja: kiwango cha kanuni, na hali ilivyo sasa. Mradi unaopandisha hali iliyopo kwa desibeli kadhaa una athari hata kama eneo lilikuwa limeharibika kabla yake.

Mitetemo na nyufa

Mtetemo hupimwa kwa kasi ya juu kabisa ambayo ardhi au msingi unatikisika, kwa milimita kwa sekunde. Kanuni za mwaka 2015 zinaugusa pamoja na kelele. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2009 zinaweka ukomo wa sentimita 0.5 kwa sekunde, sawa na milimita 5, nje ya mpaka wa eneo la chanzo au mita 30 kutoka kwenye chanzo kinachotembea. Kiwango cha Ujerumani, DIN 4150, kinachotumiwa na wahandisi wa nchi nyingi, nacho kinataja milimita 5 kwa sekunde kwenye msingi wa nyumba ya makazi pale mtikisiko unapokuwa wa polepole, na milimita 3 kwa majengo ya kihistoria. Anayewaza kuta za mawe ya matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar, zilizoingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, anaelewa mara moja kwa nini majengo hayo yametengewa namba ndogo zaidi.

Binadamu huhisi mtetemo mapema sana kuliko nyumba. Kwenye makazi, takriban milimita 0.3 kwa sekunde hutosha kuhisiwa, na milimita 1 huleta malalamiko, hasa kwa watu ambao hawakuarifiwa. Hiyo ni zaidi ya mara 15 chini ya kiwango cha kwanza hadi kufikia kile kinachohofiwa kwa jengo. Kwa hiyo mkazi anayesema "nyumba inatikisika" anasema kweli, na mhandisi anayesema "haijafikia kiwango cha kuharibu" naye anaweza kuwa anasema kweli. Wanazungumzia namba mbili tofauti, na kikao cha maoni kinachoanza bila kuzitenganisha huishia kwenye ugomvi.

Hata hivyo, majedwali ya nje yana dhana yao. Yametungwa kwa nyumba zenye msingi wa kitaalamu, lenta na tofali lenye saruji ya kutosha. Nyumba nyingi za mijini kwetu zimejengwa kidogokidogo kwa miaka, tofali likifyatuliwa kwa mchanganyiko hafifu, na nyingine hazina lenta inayozunguka nyumba nzima. Mhandisi anayeleta rola ya kushindilia barabara kwenye mtaa kama huo anapaswa kukagua nyumba kwanza ndipo achague namba, na mara nyingi kuchagua njia nyepesi: kushindilia bila mtetemo karibu na nyumba, au nguzo za msingi zinazochimbiwa na kumiminwa zege badala ya zile zinazogongwa kwa nyundo.

Nyufa nazo zina sababu nyingi. Udongo mfinyanzi unaovimba wakati wa masika na kusinyaa kiangazi hupasua kuta bila rola kupita. Msingi unaotitia upande mmoja hutoa ufa wa mshazari kutoka kwenye kona ya dirisha. Plasta iliyokauka haraka juani hutoa nyufa ndogondogo kama utando. Mradi ukishapita, hakuna awezaye kuthibitisha ufa upi ulikuwepo. Ukaguzi wa hali ya nyumba kabla ya ujenzi ndio unaomlinda kila mtu: picha za kila ukuta zenye tarehe, urefu na upana wa kila ufa, saini ya mwenye nyumba, ya mkandarasi na ya uongozi wa mtaa, na nakala moja kubaki kwa mwenye nyumba. Kazi hiyo huchukua saa chache kwa nyumba moja. Kesi ya fidia isiyo na picha huchukua miaka. Wananchi wanaoishi kando ya miradi ya barabara, reli na madaraja, na hata karibu na machimbo ya kokoto yanayotumia baruti, wanashauriwa kutosubiri kuombwa; wapige picha zao wenyewe na kuzifikisha ofisi ya serikali ya mtaa kabla mitambo haijaanza kazi.

Swali linalozua ubishi mkubwa ni la nani alitangulia. Ukumbi, karakana au nyumba ya ibada inaweza kuwa ilijengwa pembeni ya mji miaka mingi iliyopita, kisha mji ukaufuata. Jimbo la Victoria nchini Australia, tangu mwaka 2014, na Uingereza kupitia sera yake ya mipango ya mwaka 2018, zimechukua msimamo kwamba anayeleta badiliko ndiye anayebeba wajibu wa kinga: ghorofa jipya likijengwa karibu na ukumbi uliokuwepo, mwendelezaji wa ghorofa hugharamia kuzuia sauti, ukumbi mpya ukija kwenye makazi, ukumbi hugharamia. Kanuni za Tanzania hazimpi mtangulizi haki ya kuvuka viwango, na hilo ni sahihi kwa afya. Lakini busara ya msimamo ule inaweza kutumika ndani ya mamlaka zilizopo, kwa halmashauri kuweka masharti kwenye kibali cha anayekuja baadaye badala ya kusubiri magomvi ya majirani.

Kwa mwananchi, nafasi ya kwanza ya kusema ni pale tangazo la kusudio la kubadili matumizi ya ardhi linapotolewa. Nyumba ya makazi inayoombewa kuwa baa, ghala au karakana hutangazwa ili wenye pingamizi wajitokeze, na pingamizi linalotaja saa za kazi, mahali pa jenereta na umbali wa chumba cha kulala kilicho karibu lina uzito kuliko lile linalosema tu kwamba wakazi hawataki. Nafasi ya pili ni vikao vya maoni ya wadau wakati wa tathmini ya athari kwa mazingira. Baada ya hapo, mradi ukishaanza, malalamiko huanzia kwa serikali ya mtaa, huenda kwa afisa mazingira wa halmashauri, na hufika ofisi za kanda za Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), lenye uwezo wa kupima, kutoa amri ya kurekebisha na kusimamisha shughuli. Mlalamikaji anayefika na daftari lenye tarehe, saa ya kuanza na kuisha, aina ya sauti na chumba kilichoathirika humwezesha mpimaji kufika katika saa ile ile ambayo tatizo hutokea, kwani ukaguzi wa saa 4 asubuhi kwenye ukumbi unaofunguliwa saa 3 usiku haupimi chochote. Mhusika asiyeridhika na uamuzi, awe mwenye ukumbi au jirani yake, anaweza kulipeleka shauri kwenye Baraza la Rufaa la Mazingira lililoanzishwa chini ya sheria hiyo hiyo ya mwaka 2004.